Jina la Ubeti wa Pili

Solange wangu,

Mkoba wako nimeufunga mwenyewe na zipu imekubali kwa shida, kwa hiyo usiufungue uwanjani ukitafuta kitana. Barua hii nimeitia mfuko wa pembeni, pamoja na karanga. Kama unaisoma, basi ndege imeshaacha uwanja wa Bangboka na huwezi kushuka kuja kubishana nami. Nilitaka iwe hivyo. Jana ulinishinda kwa sababu wewe una pumzi ndefu, na mimi nilikuwa nageuza samaki juu ya moto na moshi ulikuwa machoni. Leo nazungumza peke yangu mpaka nimalize.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za wanaume wa Kinshasa wenye magari ya kuazima. Tantine Clémentine atakupokea, na hayo yote anayajua kuliko mimi, mengine aliyajua kwa gharama yake. Mimi nina jambo moja tu. Ni lile ulilolikata jana kwa mkono, ukasema: «Maman, ile iko jina tu. Jina haiuwake mutu.»

Nikageuza samaki. Ulidhani nimekubali. Sikukubali, Solange, nilikuwa natafuta namna ya kukujibu bila kutupa sufuria.

Mwisho wa mwezi utapanda jukwaani mbele ya watu wakubwa. Nyumba ya muziki iliyokuita inanunuliwa tena, safari hii na kampuni kubwa kuliko zote zilizopita, na wanafanya sherehe. Wewe ndiye sauti mpya watakayoionyesha. Utaimba wimbo wangu, «Vuka Uje», na katika ubeti wa pili wanataka uite jina la Hilaire. Monsieur Patrick, mwana wa Hilaire, ndiye directeur wa nyumba hiyo, na ameandika jambo hilo kwenye mkataba. Unaweza kubadilisha mavazi, unaweza kubadilisha mwendo wa ngoma, unaweza kumleta kijana wa kurap katikati. Jina usiliguse.

Sasa nisikilize. Mtu hang'ang'anii kitu cha bure namna hiyo. Kama lingekuwa jina tu, asingeliandika kwenye mkataba.

Wimbo ule niliutunga nikiwa na umri wako, na niliutunga kwa ajili ya papa yako. Dieudonné alikuwa anakaa ng'ambo, Lubunga, na mazoezi yetu yalikuwa huku, Makiso, katika chumba cha nyuma cha duka la Hilaire. Alikuwa anavuka kwa mtumbwi na gitaa limefungwa kwenye plastiki ya mbolea. Siku mto unapochafuka, havuki, na mimi nakaa nikiangalia mlango hovyo hovyo, naimba vibaya, wenzangu wananicheka. Ndipo nikatunga: vuka uje, maji yametulia, vuka uje, nimekuwekea chakula. Ubeti wa kwanza haumtaji mtu. Ubeti wa pili unamwita kwa jina lake. Hapo ndipo mahali pa mpenzi, kila anayesikia muziki wetu anajua.

Hilaire alikuwa anauza vitambaa na redio. Alikuwa na akili ya biashara, hilo simnyimi. Aliona kila anayenunua redio anauliza kanda za kupiga, akaona afadhali atengeneze kanda mwenyewe. Akaleta mashine kutoka Bujumbura, akabandika maboksi ya mayai ukutani, akaandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu: Lindi Disques. Vyombo vyote vilikuwa vyake. Gitaa alilovuka nalo papa yako halikuwa lake, lilikuwa la Hilaire, na sisi sote tuliona sawa, maana ndivyo orkestra zote zilivyokuwa. Mwenye vyombo ndiye patron. Ukiondoka, unaondoka na shati lako.

Siku ya kurekodi, aliniletea pagne, kitenge cha kujifunga. Wax ya kweli, Solange, ya maua makubwa ya bluu, ambayo mama yangu mzazi hakuwahi kuivaa mpaka anakufa. Alisema ni ya kunitia moyo. Nilikuwa msichana wa nyumba ya udongo. Nilijifunga ile pagne hapo hapo juu ya gauni, nikaingia mbele ya mikrofoni na furaha imenijaa mpaka miguu inacheza yenyewe.

Wewe umekulia katika mabanga, yale majina ya kutajwa kwa malipo, hayakushangazi. Gitaa likianza kukimbia kwenye seben, ile sehemu ya mwisho ya kucheza, watu wakaacha viti, mwimbaji anatupa majina: la aliyelipa vinywaji, la mwenye duka la saruji, la mwanamke anayetaka mke mwenzake asikie. Wanalipa, wanatajwa, wanafurahi, na wimbo unabaki wimbo. Hapo ndipo ningelitupa jina la Hilaire, na lingekuwa halali yake kabisa. Kitambaa kile kilistahili libanga moja, hata mawili.

Lakini mimi sikungoja seben. Shukrani ilinipanda kichwani kabla ya wakati wake. Nilipofika kwenye ubeti wa pili, badala ya Dieudonné nikaimba: vuka uje, Hilaire. Kwa sauti yangu yote. Kwa ile sauti wanayosema sasa kwamba hakuna nyingine kama ile.

Papa yako hakuacha kupiga. Alinitazama tu kwa jicho la upande, akaendelea mpaka mwisho, na huko mwisho alipiga vizuri kuliko siku zote. Tulipomaliza alisema: «Béa, libanga banatupaka mu seben. Weye umemuingiza ndani ya nyumba.» Alikuwa anacheka. Mimi nikasema turudie, nimekosea mahali. Na Hilaire, aliyekuwa nyuma ya kioo, akatoka mbio kama mtu anayezima moto: «Hapana kurudilia! C'est bon! Ile njo ya muzuri!» Akazima mashine kwa mkono wake. Akasema mafuta ya jenereta yanakwisha. Jenereta ile ikaendelea kunguruma mpaka jioni, wakitazama mpira.

Hapo nilipaswa kujua. Sikujua. Nilienda nyumbani na pagne yangu.

Kanda ikatoka, ikapanda mto na kushuka mto. Opala waliicheza, Yanonge waliicheza, kwenye boti za Kinshasa ilikuwa inaanza asubuhi. Juu ya boksi lake kulikuwa na picha ya Hilaire ameketi kwenye kiti cha ofisi. Watu wakawa wanauita «wimbo wa Hilaire», na kwa nini wasiite hivyo? Wimbo wenyewe ulikuwa unawaambia hivyo. Papa yako alipoenda kuuliza kwa nini imeandikwa «mtunzi: Hilaire», jibu alilopewa nalijua kwa moyo, maana alikuja akalirudia mezani bila kula: «Wimbo yenyewe inaita nani? Inaita mi. Alors?»

Siku hiyo hiyo alinyang'anywa gitaa.

Nataka uone hilo vizuri, kwa sababu wewe unamjua papa yako kwa picha mbili na kwa hadithi zangu. Alikuwa na vidole ambavyo hata akiwa amelala vilikuwa vinatembea juu ya shuka. Na mtu yule alipanda baiskeli, akawa toleka, akabeba watu na magunia ya mihogo kutoka sokoni mpaka Kabondo, jua na mvua. Mara nyingine abiria nyuma yake alikuwa anapiga mluzi wa «Vuka Uje». Hakuwahi kumwambia hata mmoja. Mimi ningewaambia wote. Ningesimamisha baiskeli.

Kifua kilipomlaza hospitalini, ulikuwa bado hujaanza kutembea vizuri. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na redio. Ukapigwa ule wimbo. Mtangazaji akasema: «Mtunzi wetu mkubwa wa Kisangani, Hilaire.» Niliruka nikazime ile redio, na kama ningeifikia ningeivunja. Papa yako akanishika nguo. «Ongeza sauti kidogo. Ile iko vidole yangu.» Akasikiliza mpaka mwisho, amefumba macho. Yeye hakuwa na kisasi, Solange. Mungu alimpa roho hiyo, akasahau kunipa mimi. Alikufa kabla ya Krismasi, na kisasi chake chote nilikibeba mimi pamoja na changu, na sijawahi kukiona kizito.

Halafu nyumba zikaanza kumezana. Najua wewe unayajua haya kwa maneno ya Monsieur Patrick, yale ya katalogi na mirabaha na sijui nini. Mimi nayajua kwa upande wa chini. Vita vilipofika, duka la Hilaire liliporwa mpaka mlango, lakini yeye alikuwa ameshapanda ndege, na kanda mama zetu zote zilikuwa ndani ya mifuko ya sukari miguuni pake. Watu walisema ameokoa muziki wa mji. Aliokoa mali yake. Huko Kinshasa akaingia ushirika na nyumba ya muziki ya mtaa wa Limete, Lindi Disques ikafa siku hiyo, jina likafutwa kwenye boksi, wimbo ukabaki. Nyumba ya Limete ikanunuliwa na watu wa Brussels. Wale wa Brussels wakanunuliwa na wa Paris. Wale wa Paris wakamezwa na kampuni ambayo jina lake ni herufi tu, na hiyo ndiyo iliyomweka Patrick kwenye kiti cha baba yake. Sasa nayo inanunuliwa. Kila wanaponunuana wanapeana mikono, wanapigwa picha, na mimi nahama tumboni mwa huyu kwenda mwa yule pamoja na viti vyao na mashine zao za kunakili. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka mto huu kuniuliza kama nahama kwa hiari.

Nami nafanya nini? Nauza samaki wa kukausha kutoka Yanonge, unanijua. Nakaa sokoni na kisu changu, halafu toleka mwenye kipaza sauti kwenye usukani anapita, na mimi mwenyewe, msichana wa pagne ya bluu, napita juu ya ile baiskeli nikimwita Hilaire avuke aje, nimemwekea chakula. Kila siku ya Mungu. Wewe fikiria kuamka kila asubuhi ukajisikia unamwita aliyekunyang'anya.

Nilijaribu njia ya wasomi, ili usiseme kwamba mama yako anajua hasira tu. Nilienda ofisi ya haki za watunzi. Kijana wa pale alikuwa na heshima, akanipa kiti. Alinisikiliza, kisha akasema: «Maman, mi najua unasema kweli. Mais mutu akisikia wimbo, anasikia weye unaita Hilaire. Nani atakubali kama haikuwa yake?» Nikamrudishia kiti chake. Ushahidi wao ulikuwa koo langu.

Na kile kitabu kidogo cha disque, ile sahani ya nyimbo zetu waliyoitoa tena Paris, unakikumbuka? Ulikuwa kidato cha tatu, ulikisoma kwenye simu ya rafiki yako, ukarudi nyumbani umekunja uso: «Maman, baliandika kama mwimbaji hajulikane. Baliandika pengine ilikuwa bibi ya Hilaire.» Bibi ya Hilaire! Mzungu mmoja, na vipokea sauti vyake masikioni, alisikiliza ubeti wa pili akapiga hesabu yake: mwanamke anaita jina la mwanamume mahali pa mpenzi, basi ni mkewe. Kwa hesabu ya muziki hakukosea. Nililala siku hiyo bila kula, na wewe ukadhani naumwa.

Kwa hiyo unaona jina linafanya nini. Kwanza lilichukua wimbo. Kisha likachukua gitaa. Kisha likanichukua mimi nikawa mke wa mtu ambaye sikuwahi hata kumpa mkono wa kwaheri. Unadhani limeshiba?

Wiki iliyopita ulipokuwa kanisani kwenye kwaya, Patrick alipiga simu. Sikukuambia. Sauti yake laini, imepakwa mafuta. «Maman Béa, tuko famille, non? Papa alikuwa anakupenda sana. Solange iko petite sœur yangu. Siku ya sherehe nitamupresenter vile: mutoto ya nyumba, anaimba wimbo ya papa.» Nikamwacha aseme mara mbili ili nihakikishe masikio yangu. Mtoto wa nyumba. Wimbo wa papa. Wewe hukuona lile shimo, mwanangu, kwa sababu unatazama taa za jukwaa, na kwa umri wako hata mimi nilitazama pagne. Watasimama wale watu wa Paris na wa wapi sijui, kila mtu amesoma kile kitabu kidogo, atatoka msichana mwenye sauti ya mamake, atamwita Hilaire, na papo hapo utakuwa umezaliwa upya, mtoto wa Hilaire. Dieudonné hatakuwa na wimbo, hatakuwa na mke, na usiku huo hatakuwa na mtoto. Watakuwa wamemaliza kazi.

Unakumbuka tamasha la shule, ulipokuwa mdogo? Ulisimama na soksi nyeupe, ukaimba «Vuka Uje» kama nilivyokufundisha, vuka uje, Dieudonné. Mwalimu akakusahihisha mbele ya wote, kwa upole kabisa, kwamba ni Hilaire. Watoto wakacheka. Ulirudi ukaniuliza nani anajua wimbo, mimi au mwalimu. Nikakuambia: mimi. Na wewe hukuuimba tena vingine, hata walipokuzomea. Yule mtoto mwenye kichwa kigumu ameenda wapi? Jana nilimtafuta kwenye macho yako, nikaona mtu anayehesabu nafasi yake.

Sikulaumu kwa kuihesabu. Najua unachokwenda kukipata. Umeimba kwenye matanga na harusi za mji huu mpaka koo likakauka, ukarudi na sahani ya wali. Umeniambia: «Maman, nikikosa hii, nitabakia na weye ku samaki.» Ulilisema taratibu, na lilinichoma, kwa sababu mikono yangu inanuka moshi na unaijua. Sitaki ubaki kwenye samaki. Nataka upande juu kuliko wote. Lakini nataka upande ukiwa binti wa papa yako.

Basi nikuambie nilichofanya, na ukasirike ukiwa juu mawinguni.

Patrick aliniomba ahadi. Alikuwa na wasiwasi, maana alikumbuka matanga ya baba yake. Walipoleta maiti ya Hilaire izikwe hapa, waliniomba niimbe ule wimbo mbele ya jeneza, na mimi nikasema koo linauma. Kisha nikakaa nikala pondu yao ya majani ya mihogo na samaki wao, nikaongeza, nikala tena, mpaka wajane wakanitazama. Sikutoa chozi. Kwa hiyo akaniuliza: «Maman, Solange ataimba bien, njo vile? Na jina ya papa?» Wewe unanijua, siwezi kudanganya hata bei ya samaki, wateja wanasoma usoni. Lakini kwenye simu hakuna uso. Nikamwambia: «Mwanangu, usiogope. Ataimba jina ya papa.» Papa wa nani, hakuuliza.

Alifurahi mpaka akanishukuru kwa Kilingala. Akasema kwa kuwa mimi ndiye nimesema, hatakurekodi kwanza ili wapige kanda ukafungue mdomo bure, kama walivyotaka kufanya. Utaimba mubashara. Orkestra nzima nyuma yako, televisheni, simu za watu wote, na wakubwa wa kununua mstari wa mbele.

Ndiyo. Nimemdanganya, na sijutii, na Jumapili sitaliungama. Baba yake alizima mashine kabla sijarudia. Mimi nimeiwasha tena. Imechukua miaka mingi, na mlango wenyewe amenifungulia mwanawe, akiniita maman.

Usidhani sioni ninachokuomba. Kisasi ni changu na koo ni lako. Ukilitaja jina la papa yako pale mbele, Patrick atatabasamu mpaka taa zizimwe, kisha atauchana mkataba. Pengine nyumba nyingine zitakuogopa, watasema huyu msichana wa Kisangani hatulii. Pengine wale wakubwa watauliza Dieudonné ni nani, na swali hilo likiulizwa na mwenye kununua, katikati ya kununua, Patrick atalazimika kulijibu, na hana jibu. Hapo ndipo ninapopataka. Sitaki fidia, sitaki picha yangu kwenye boksi. Nataka nimwone anatafuta jibu mbele ya watu, kama nilivyolitafuta mimi mbele ya yule kijana wa ofisi. Nimetamani hilo mpaka limekuwa kama chumvi kwenye chakula changu. Mama mwema angekuandikia kwamba kisasi kinamla mwenye kukibeba. Mimi nakuambia kimenilisha. Kimeniamsha alfajiri kwenda bandarini kupokea samaki siku ambazo nisingeamka kwa sababu nyingine.

Na wewe pia ulikula hapo, Solange. Karo zako zilitoka hapo.

Jambo jingine, na hili si la Patrick, ni la maisha yako yote huko. Mtu akikupa zawadi kabla ya kazi, iweke kwenye kiti, fanya kazi kwanza, zawadi utaifungua baadaye. Usiingie mbele ya mikrofoni ukiwa umejifunga kitu cha mtu. Mimi shukrani ilinitoka mdomoni kabla ya akili, na tazama imenipeleka wapi. Na chombo utakachopigia, kama ni cha kwako, hata kiwe kibovu, ni bora kuliko kizuri cha patron. Papa yako angekuambia haya kwa maneno machache zaidi, na angekuchekesha.

Ile pagne ya bluu unaniuliza kila mara iko wapi. Niliikata ikawa matambara ya kufutia meza ya samaki. Iliisha zamani. Iliisha vizuri.

Sasa wewe amua. Hakuna atakayekuwa pale kukusukuma, Tantine Clémentine hajui lolote, na usimwambie, mdomo wake hauna mlango. Gitaa litaingia, utaimba ubeti wa kwanza, watu watapiga makofi kwa sababu utakuwa umewashika tayari. Kisha kuna ile nafasi ndogo ya kuvuta pumzi kabla ya wa pili. Mimi niliipoteza nikiwa nimelewa kitambaa. Wewe utaipata ukiwa macho.

Mimi nitakuwa kwa Maman Vero, mwenye televisheni, na wanawake wote wa soko, hata wale tusiosalimiana. Nimewaambia waje. Sikuwaambia kwa nini. Nikisikia Dieudonné, sijui nitafanya nini, pengine nitalala chini kwenye sakafu ya watu. Nikisikia Hilaire, nitasimama, nitasema usiku mwema, nitakwenda nyumbani. Kesho yake nitakupigia simu nikuulize kama umekula. Ukirudi hapa na mkataba au bila mkataba, kitanda chako ni kile kile, na samaki mkubwa ni wako.

Nitakupenda hivyo hivyo, Solange. Ila kusamehe nitachelewa, na unajua mimi nikichelewa ni miaka mingapi.

Mama yako, mjane wa Dieudonné,
Béatrice